Mstari Chini ya Saini

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu mpya wa ofisi ya Rais ameshuka leo hadi chumba cha barua. Mara ya kwanza. Chumba chetu kiko chini kabisa, karibu na stoo ya balbu na viti vilivyovunjika miguu, na wakubwa hawana habari nacho. Aliingia na simu mbili mkononi, kijana anayeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, suti imemkaa kama alizaliwa nayo. Hakuketi. Akauliza ni nani anayeandika ule mstari wa mkono.

Nikanyoosha kidole juu kama mwanafunzi.

Acha niyaandike hapa, maana hakuna pengine ninapoweza kuyasema. Barua za wananchi zikija tunazipanga, tunachapa jibu, tunagonga muhuri wenye saini ya Rais. Halafu wale waliompigania sana — wazee wa kanisa, akina mama wa maombi — chini ya saini huongezewa mstari mmoja kwa kalamu ya wino. "Nakukumbuka katika sala." "Mungu akutunze, mama yangu." Watu wanajua ni mkono wa Rais. Ni mkono wangu. Mwanzoni yule katibu mzee aliyestaafu alikuwa anapanda juu, anarudi na maneno ya Rais mwenyewe, mimi naandika. Baadaye akawa anarudi na maneno bila kupanda. Shule niliishia njiani, lakini mwandiko Mungu alinipa, na kwa huo nilichaguliwa. Nikala kiapo. Mwaka wa nne huu. Ndiyo maana nyumbani naandika kwa herufi kubwa zilizoachana, hata orodha ya sokoni, na watoto wananicheka. Mwandiko wangu wenyewe uko mahali pawili tu: chini ya ile saini, na humu.

Mkuu alisema kuanzia leo mstari umekufa. Kwamba ofisi hii haiandikiani barua za mapenzi na watu wa magoti.

Watu wa magoti. Ndivyo tunavyoitwa huko juu, sisi tunaosali. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Mcheshi, akacheka. Na mimi nikacheka kidogo. Mungu anisamehe kile kicheko.

Jumatano, 5 Machi

Barua ya Mama Mdogo imefika mezani kwangu. Nimeijua kabla sijaifungua, karatasi ya mirabamraba, bahasha imebandikwa kwa gundi ya unga.

Ni mdogo wake marehemu mama. Mkunga mstaafu. Watoto wangu wote wawili alinizalisha yeye, na wa pili alitaka kuja miguu mbele. Sasa ana miaka sabini na moja na ndiye mwenyekiti wa akina mama wa maombi. Hajui ninachofanya huku. Anajua nalamba bahasha.

Amemkumbusha Rais siku ile kabla ya uchaguzi alipokuja kanisani kwetu. Nami nilikuwepo, nililia. Alipiga magoti mwenyewe, hakuna aliyemwambia, akina mama wakamwekea mikono kichwani. Aliposimama akasema Jumapili itakuwa siku ya mapumziko kwa sheria, hakuna mfanyakazi atakayelazimishwa. Tukatoka pale tukampigania mlango kwa mlango, Mama Mdogo na mguu wake mbovu. Leo imekuwaje? Tangu Januari viwanda vimeruhusiwa siku saba. Mume wangu yuko kwenye kiwanda cha mabati, Jumapili ni zamu. Jumapili tisa mahali pake kwenye benchi pamekaliwa na mkoba wangu.

Mwisho ameandika: "Mwanangu, neno lile umelisahau? Nijibu hata kwa ufupi, nijue nawaambia nini wenzangu."

Jibu lililopangwa ni namba tatu. Maoni yako yamepokelewa. Nikachapa. Nikagonga muhuri. Wino ulikuwa wazi pale mezani.

Nikaandika: Neno nililolitoa nikiwa magotini sijalisahau.

Sijui kilichonipata. Hapana — najua. Nilishindwa kumtumia namba tatu mtu aliyemgeuza mwanangu tumboni kwa mikono yake. Nikajiambia si uongo, hakika analikumbuka, mtu hasahau kitu cha namna ile. Nikatia kwenye bahasha, nikaandika kwenye rejista ya barua zinazotoka. Namba 417. Mcheshi alikuwa amekwenda kuchemsha maji.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna kitu. Bahasha mia na ishirini. Mgongo.

Jumapili, 9 Machi

Leo nilitamani ardhi ipasuke.

Wakati wa matangazo Mama Mdogo akaenda mbele, barua ndani ya plastiki. Akasoma yote, hata tarehe. Alipofika kwenye mstari akafuta miwani, akausoma mara mbili. Akina mama wakasimama. Halafu akatoa kwenye kikapu fremu anayoitundika sebuleni, barua ya mwaka wa kwanza — "Sala zako ndizo ngao yangu" — akaziweka pamoja, akasema tazameni, mkono ni uleule, hao vijana wa ofisini ndio wanaomfungia milango, yeye bado ni wetu.

Nakumbuka siku niliyoiandika ile ya fremu. Nilikuwa na mafua.

Nje akanikumbatia. Akanilaumu kwa mapenzi, kwamba mimi nimo ndani ya nyumba ile na sijawahi kumwambia kuwa mtu wao bado ana moyo. Nikasema, "Mama, mimi kazi yangu bahasha tu."

Wamekubaliana Jumatatu ya tarehe 17 kwenda lango la Ikulu na barua hiyo. Watapiga magoti hapo hadi atoke aseme mwenyewe.

Kwenye benchi, mkoba wangu. Jumapili ya kumi.

Jumanne, 11 Machi

Kuna aliyeipiga picha. Barua iko kwenye kila simu, na leo asubuhi gazetini, ukurasa wa kwanza, mstari wangu umekuzwa mpaka unaona wino ulivyovuja kwenye karatasi.

Juu kunawaka moto. Mcheshi alipeleka barua ghorofa ya tatu akarudi ametoa macho. Anasema Mkuu aligonga meza kwa kiganja, anauliza nani kati yao ana shangazi mwenye rozari. Mmoja akajibu wenye rozari ni kanisa jingine, akafukuzwa chumbani.

Saa kumi tamko likatoka, tukalisikia redioni hapa chini. Barua ni ya kughushi. Rais hajaandika mstari huo wala hajaujua. Aliyeitengeneza atafikishwa mbele ya sheria.

Mcheshi akaitazama chupa ya wino. Akanitazama mimi. Akaifunga kifuniko taratibu, akaitia kwenye droo yake mwenyewe.

"Dada," akasema, "mimi macho yangu mabovu tangu utotoni."

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia mume wangu. Nimevunja kiapo. Alikuwa anakula, mikono ina mikwaruzo ya mabati, akaendelea kutafuna muda mrefu. Sikujua kama amesikia. Kisha akasema yeye ana kazi moja, mimi nina kazi moja, na binti yetu amebakiza mwaka chuoni, kwa hiyo nifunge mdomo.

Akaenda kunawa. Akarudi na taulo.

"Lakini ule mstari, ni kweli au si kweli?"

Miaka minne sijawahi kujiuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Wamemchukua Mama Mdogo.

Saa sita mchana, akiwa anafua. Jirani ndiye aliyenipigia simu. Polisi wanne kwa mtu ambaye hupanda ngazi kwa kukaa kila baada ya hatua tatu. Wamepekua mpaka chini ya mitungi. Fremu wameing'oa na msumari wake. Kughushi saini ya Rais, ndiyo kesi yenyewe.

Nimetoka kazini nikapitia kwake. Beseni bado limejaa, povu limekwisha, nguo zimetuama. Nimezisuuza nikazianika. Mezani, juu ya Biblia, miwani yake. Wamemchukua bila miwani. Bila hiyo haoni chochote kilicho karibu, uso wako anaujua kwa sauti. Nimeitia mkobani nimpelekee.

Ee Baba, ni mimi. Unajua ni mimi. Kwa nini hawakuja kwangu?

Jumamosi, 15 Machi

Kituoni wamenikatalia. Askari wa kaunta ni mpole, ananiita mama, lakini kumwona hapana, na miwani hapana — ina kioo, eti anaweza kujidhuru. Nikamwambia huyu amewakata vitovu nusu ya watu wa mtaa huu, pengine na wewe. Akacheka. Akasema pengine. Akanirudishia miwani.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia yule askari. Mimi ndiye niliyeandika. Nilifika nayo mpaka kwenye meno. Nikauliza kama anaruhusiwa kuletewa sweta.

Jumapili, 16 Machi

Kanisa nusu. Wengine wameogopa. Wengine wananong'ona kwamba mzee umri umemzidi, huenda aliuandika mwenyewe kwa hamu. Mke wa mzee wa kanisa ndiye aliyesema hivyo, na pete yake ya ndoa ni Mama Mdogo aliyemtafutia kwenye maji ya kuzalia, hadithi tunayoijua wote. Nilimtazama nikashindwa hata kumchukia. Mimi ni nani?

Halafu akasimama mwalimu mkuu mstaafu, mtu mkavu, haongei. Akatoa barua yake kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akaiweka juu ya meza ya mbele. "Kama ule ni wa kughushi," akasema, "na huu?"

Mwingine akaja. Mwingine. Wengi walikuwa wamekuja nazo, kumbe walikubaliana. Kumi na moja zikajaa mezani, zingine kwenye fremu, moja imeshonewa kitambaa pembeni. Watu wakapanga mstari kuzitazama. Mkono mmoja! wanasema, mkono mmoja, watawezaje kukana?

Nikapanga mstari na mimi. Ningefanyaje? Nikazipitia moja moja. Hii niliiandika wiki aliyokufa mama. Hii wino ulikuwa umekauka nikaongeza maji. Hii, "Mwanao atapona, nami namwombea" — niliyemwandikia alikuwa amesimama nyuma yangu, mjane mwenye duka la uzi. Mwanawe hakupona. Akaninong'oneza sikioni kwamba siku ya maziko aliishika ile barua kifuani, kwamba Rais wa nchi nzima alikuwa amemtaja mwanawe kwa Mungu.

Nikisema, Mama Mdogo anatoka. Nikisema, zote hizi mezani ni karatasi tu.

Lakini nilimwombea yule mtoto. Hilo nalijua. Kila mstari nilikuwa nauombea kabla sijatia wino. Sala ilisalika. Jina lililokuwa juu yake tu ndilo halikuwa la aliyesali.

Jumatatu, 17 Machi

Dirisha la chumba chetu liko usawa wa ardhi. Siku zote tunaona viatu vya walinzi na paka. Leo tumeona magoti.

Kama mia mbili. Wamepiga magoti kwenye lami nje ya lango, jua linachoma, na hatuoni nyuso, ni magoti tu, soksi zilizotiwa viraka, sketi za sare ya maombi, suruali ya mwalimu mkuu yenye pindo lililopigwa pasi. Wanaimba polepole. Mcheshi hakufanya mzaha hata mmoja. Saa saba akasema, "Yule wa viatu vya kahawia ameanza kutetemeka," akatoka, na baadaye nikaona mkono wake dirishani unaweka chupa ya maji chini.

Rais hakutoka. Wanasema amesafiri. Bendera yake, ambayo hushushwa akisafiri, ilikuwa juu.

Saa nane Mkuu akashuka. Peke yake, bila simu hata moja. Akamwomba Mcheshi atupishe. Safari hii akaketi, kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya, akayumba, akajishika meza. Amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nikaona ni kijana wa mtu, hajalala.

Hakuniuliza kama ni mimi. Akaongea taratibu, ananiita mama. Keshokutwa wafanyakazi wote wa chumba cha barua tutaitwa kwa mpelelezi. Kila mmoja ataandika ule mstari mbele ya mtaalamu wa miandiko. Mtaalamu hana neno, wameshaelewana naye. Anachotaka ni karatasi yangu isifanane. Ikiwa haifanani, barua ya 417 itasemwa imeghushiwa nje ya jengo, zile za zamani zinabaki za Rais, kila mtu anabaki na fremu yake ukutani. Na yule bibi, akasema, mzee wa umri ule atahukumiwa kidogo halafu atasamehewa, Rais mwenyewe atatia saini, itakuwa habari nzuri.

Nikauliza na ikifanana.

Akatazama dirishani, kwenye yale magoti.

"Basi utakuwa umewaambia wale wote kwamba kwa miaka minne hakuna aliyewaandikia."

Akaondoka. Rejista yangu akaibeba kwapani.

Jumanne, 18 Machi

Nimeomba ruhusa, nimesema tumbo. Si uongo.

Nimekaa jikoni na karatasi nikijifunza kuandika vibaya. Mkono wa kushoto: kama kuku amekanyaga wino. Mkono wa kulia ukilala upande mwingine: bado ile "l" inainama kama yangu. Mume wangu amerudi, akasimama nyuma yangu na kofia yake ya kiwandani, akasema hata ubaya wako unafanana na wewe. Tukacheka. Tumecheka mpaka nikalia, na yeye akanishika bega.

Mwishowe nikaandika kwa zile herufi kubwa za orodha ya sokoni. Zimeachana, hazina mwenyewe. Hakuna mtaalamu atakayezijua. Nimekuwa nikijifunza miaka minne bila kujua najifunzia nini.

Naweza. Hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba naweza kabisa.

Nimesali. Sijasikia kitu. Nimeosha vyombo nikasali tena.

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, ukumbi wa ofisi ya wapelelezi, nje ya chumba namba sita. Daftari natembea nalo sasa. Walivyopekua kwa Mama Mdogo watakuja na kwetu.

Saa nne kasoro. Mcheshi ameingia. Kabla hajaingia ameniambia mwandiko wake ni kama wa daktari, mtaalamu atampa dawa. Mimi ndiye ninayefuata. Benchi ni la mbao, limechorwa majina ya watu. Ukuta umepakwa rangi mbili, kijani chini, nyeupe juu, na kwenye kijani kuna alama za vichwa vya waliosubiri.

Tuliyosema asubuhi na mume wangu siyaandiki.

Sasa hivi mlango wa mwisho umefunguka. Wamemleta. Mama Mdogo. Kumbe na yeye anaandikishwa. Sweta langu amelivaa, limefungwa vifungo upande mmoja umepanda. Askari wa kike amemkalisha hapa hapa, kwenye benchi langu, kati yetu hakuna hata nafasi ya mkoba. Hajanijua. Anatazama mbele kwa yale macho ya ukungu, mikono magotini.

Nikamwamkia.

Ameshtuka, halafu uso wote ukafunguka. "Mwanangu, hata wewe wamekuleta?" Nikasema wote wa bahasha tumeletwa. Akasikitika kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu! Ameuliza watoto, ameuliza nguo zake kama zilioza kwenye beseni. Nikamwambia nilizianika. Akanipapasa mkono, akasema nisiogope, anajua kwa hakika Rais akisikia yuko ndani atawatuma wamtoe, maana mtu aliyeandika vile hawezi kumwacha.

Nimeendelea kuandika maana nikiacha sitajua mikono niiweke wapi. Amesikia kalamu. Anauliza naandika nini. Mambo yangu tu, mama. Amesema vizuri, kuandika kunatuliza, marehemu mama yako aliandika vizuri sana, wewe sijui ulirithi nani na yale maherufi yako makubwa.

Askari wa kike anatazama simu.

Anauliza tena, kwa sauti ya chini. Miwani yake, sikuiona mezani? Juu ya Biblia? Siku tano hajasoma hata mstari, na humo ndani watampa karatasi na hataona anachoandika.

Iko mkobani. Imekuwa mkobani tangu Ijumaa.

Ndani nasikia kiti kinasogezwa. Mcheshi amemaliza.

Nimempa. Ameikunjua ile mikono ya waya, anafuta vioo kwa pindo la sweta, kwanza cha kulia, halafu cha kushoto, hana haraka, kama alivyokuwa anafuta mikono kabla ya kumshika mtoto. Amevaa. Ametazama ukuta, amemtazama askari. Ananigeukia mimi anatabasamu, na sasa macho yanashuka kwenye mapaja yangu, kwenye daftari, na kalamu bado inakwenda.

Sijalifunika.